Mama Mkwe Aliyesikiliza Mikunga

Mama mkwe wangu alizalisha wanawake katika wodi moja ya wazazi tangu akiwa msichana mpaka mvi zikamjaa kichwani. Alipostaafu, mume wangu, ambaye kazi yake humweka mbali na nyumbani, alimwomba aje kukaa nasi. Akaja na sanduku moja na cherehani. Chumba tulichompa ndimo nilimokuwa nikihifadhi vifaa vyangu: kamba, maboya, mabuti ya mpira yanayonuka tope. Nilimwambia nitavihamisha. Kesho yake nikakuta kamba zimekunjwa vizuri, mabuti yamesuguliwa mpaka nyayo, na yeye amekaa kitandani ananisubiri.

"Mkwe, hivi wewe unafanya kazi gani hasa?"

Nikamweleza. Mimi ni mtafiti wa samaki, na samaki wangu ni mikunga, wale warefu kama nyoka. Wanaishi mtoni miaka mingi, halafu wakishakomaa wanaanza safari ya baharini kwenda kutaga. Tunawakamata juu ya mto, tunawatia tumboni kidude kidogo kinacholia, tunawashona na kuwarudisha majini. Shida iko kwenye mlango wa mto, pale bahari inapojaa na kupwa na maji matamu yanachanganyika na ya chumvi. Hapo ndipo wengi wanatupotea.

"Wanakula nini njiani?"

"Hawali, mama. Wakishaanza safari, tumbo linafunga."

"Na nani anawaona wakizaa huko?"

"Hakuna aliyewahi kuwaona."

Akaguna. "Basi hayo ndiyo mazazi pekee ambayo sijalaumiwa kwa kuchelewa."

Msimu ule wa mvua, mikunga walipoanza kuteremka, sikio langu likatunga usaha. Daktari akanipiga marufuku kuvaa hedifoni, zile ninazowasikilizia mikunga. Msaidizi wangu alikuwa masomoni. Nilikaa jikoni nikilalama kama mtoto, mama mkwe anakata vitunguu ananisikiliza.

"Kazi yenyewe ni kusikiliza tu?"

"Kusikiliza tu."

"Basi nipe hayo mabuti."

Jirani yetu, mwalimu wa Kiswahili, alipomwona anaelekea kwenye boti na mabuti yangu miguuni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama huyu hakubadili kazi," akasema, "kabadili wingi tu. Jana wakunga, leo mikunga!" Mtaa mzima ukadaka.

Nahodha wetu ni bwana mpole, asiyetoa neno bila sababu. Siku hiyo alimwonyesha mama namna ya kuzamisha maikrofoni ya majini, iliyofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, na kuigeuza polepole. Mama akafumba macho. Muda si mrefu akainua mkono. "Yupo! Twende kushoto!" Tukaenda kushoto. Tukapita matete, tukapita gati, tukamfuata mkunga wake mpaka ubavuni mwa tishari moja kuukuu lililotia nanga. Nahodha akazima injini, akatega sikio.

"Mama," akasema, "hiyo ni pampu. Wanatoa maji kwenye tishari."

Nikaogopa kumwangalia. Yeye akacheka mpaka hedifoni zikamtoka. "Jamani! Nimezalisha pampu!"

Mwingine angerudisha mabuti. Yeye kesho yake alitangulia kwenye boti. Siku baada ya siku nikaona anavyobadilika: kelele za injini za mbali, mchanga unaokwaruza chini, vijidudu vinavyolialia kwenye tope, vyote akavijua kimoja kimoja na kuviacha vipite. Nilimuuliza anafanyaje.

"Ukiweka sikio tumboni kwa mjamzito," akasema, "mapigo ya mama ndiyo yanayokudanganya. Yana nguvu, yanajitangaza. Ya mtoto yako nyuma yake, madogo, yana haraka zake. Usigombane na kelele, mwanangu. Ngoja ichoke."

Namba za mikunga kwenye kioo cha mashine ya kupokelea milio hakuziona vizuri hata kwa miwani, kwa hiyo mimi nilisoma namba na yeye alisikiliza. Tulikuwa tumekaa nyumba moja miezi kadhaa kwa adabu tupu, habari za asubuhi na pole na kazi. Ndani ya boti tukaanza kutaniana.

Kisha mikunga wakaacha kuteremka. Wote tuliowatafuta, mama alikuwa anawapata mahali pamoja tu: nyuma ya lango kubwa la chuma linalozuia chumvi isipande mashambani. "Wamejaa hapa," akasema, akikunja uso. "Wanalia mmoja juu ya mwenzake."

Tukamwendea mlinzi wa lango kwenye kibanda chake. Alimjua mama mara moja, akampa kiti.

"Mama, heshima yako iko palepale," akasema. "Mke wangu ulimzalisha wewe. Lakini chumvi ikiingia mashambani, watakaokuja hapa na majembe hawatauliza nani alimzalisha nani."

Nilidhani mama atabishana. "Ni kweli," akasema. "Hebu nionyeshe unavyoyajua maji yako."

Uso wa mlinzi ukafunguka. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akatupeleka juu ya daraja la lango, akatuonyesha miti miwili iliyopakwa rangi, mmoja upande wa mto, mwingine upande wa bahari. Bahari ikipwa, upande wa mto unabaki juu, na maji yana njia moja tu, ya kutoka. Mama alirudi kwake siku tatu mfululizo, akishika chuma, akiuliza, akinywa naye chai. Siku ya mwisho mlinzi mwenyewe akajikuna kidevu.

"Mto umefurika, mashamba yameshiba," akasema. "Ningeweza kuliinua kiasi cha kiganja, kwa chini, wakati bahari inapwa. Sijaagizwa. Lakini pia sijakatazwa."

Nikampigia simu mkubwa wake. Akakubali tujaribu, mradi tupime chumvi.

Ilikuwa alasiri ya manyunyu, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Lango likalalama, likainuka. Sisi tulikuwa kwenye boti upande wa bahari, injini imezimwa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Nikasogea nisikie anasema nini.

"Taratibu... taratibu... usisukume bado... haya, sasa."

Akainua mkono. "Mmoja!" Kisha, "Wa pili! Jamani, wanakuja!"

Tukamfuata yule wa kwanza mpaka pale mawimbi yanapovunjika na boti ikaanza kurukaruka. Nahodha akasema inatosha. Mama akashikilia ule mti mpaka mlio ukaisha kabisa masikioni mwake, kisha akavua hedifoni, amelowa chapachapa. "Ameondoka," akasema. Nahodha, yule asiyesema, akapiga makofi.

Hawakutoka wote. Mlio mmoja ulibaki mguuni mwa lango, haupandi na maji wala haushuki. Nikasema labda amepumzika.

"Usinibembeleze, mkwe. Mlio huu hauna mwenyewe."

Nahodha alipopiga mbizi alimkuta mkunga amekufa, amebanwa na ukingo wa chuma. Siku hiyo mama alikaa kwenye cherehani bila kushona kitu. Jioni ndipo aliposema, "Wodini pia wapo waliotushinda." Asubuhi akaenda kwa mlinzi, wakakata tairi kuukuu na kuufunga ule ukingo kwa mpira, na lango likawa linainuliwa viganja viwili badala ya kimoja. Tangu hapo hatujampata mwingine aliyebanwa.

Sikio langu lilipona zamani. Hedifoni sikuzidai. Wanafunzi wakija huwaketisha mbele yake, naye huwafanya wafumbe macho na kunyamaza mpaka waone aibu, halafu mpaka wasikie. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo nahodha amemfungia kiti chenye mgongo ndani ya boti. Na mto ukianza kupanda, mlinzi wa lango hampigii mkubwa wake kwanza. Anampigia mama.

"Mama, nafungua baada ya chakula cha mchana. Uko tayari?"

Na mimi nasikia, chumbani kwake, mabuti yanavutwa kutoka chini ya kitanda.