Mwisho Niliouchoma Jikoni

Mimi nina hasira. Naliweka hili mbele mapema, msomaji asije akadhani anasoma habari za mjane mpole. Mama yangu alikuwa akisema hasira zangu zinatosha kuivisha ugali bila kuni, na hakuwa akinisifu. Nilipofiwa na mume, watu wa mtaani kwetu Utemini walikaa kusubiri kilio changu. Sikulia. Hasira ilikuwa imeziba njia yote, kilio hakikuwa na pa kupitia.

Mume wangu alikuwa mnunuzi wa alizeti. Alizunguka na magari ya mizigo, Ikungi, Manyoni, Itigi, akilala huko siku tatu, siku nne, na kurudi na vumbi mpaka kwenye kope. Alifia Itigi. Simu ilikuja asubuhi, mwili ukaja alasiri, na pamoja na mwili akaja mwanamke mwembamba, sawa na mdogo wangu wa mwisho kwa umri. Aliingia chumba tulichokaa wanawake, akaanguka chini, akalia, "Mume wangu! Mume wangu jamani!" Nilidhani amekosea msiba. Shangazi akanishika mkono, akaubana. Ndipo nikaona chumba kizima kinaniangalia mimi, si yeye.

Walikuwa wameoana miaka mitatu. Shahidi wa ndoa alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye kila Ijumaa alikuwa akija kwangu kula ugali wa uwele na mlenda, anashiba, anashukuru, anaondoka. Loo!

Shemeji huyo huyo ndiye aliyekuja kusimama mlangoni kabla hawajautoa mwili. "Shemeji, tunamtoa mdogo wangu. Unamsamehe dunia na akhera?" Kwetu mjane huulizwa hivyo, na hujibu, hata kama anajibu kwa kwikwi. Mimi nilinyamaza. Akauliza tena. Nikamtazama tu. Nje watu walikuwa wameshasimama na jeneza. Basi akageuka akawaambia wazee, "Amesamehe," na wakaenda. Amenijibia! Neno langu akalisema yeye, na mume wangu akazikwa na msamaha ambao sikuutoa.

Halafu ikaja eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, hajipambi, haendi sokoni wala harusini, mwisho wake uani. Hilo nililijua na nililikubali. Nisilolijua ni kwamba wazee wangekaa na kuamua yule wa Itigi akae eda kwangu. Alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wanaume, wakasema haipendezi mjane kukaa pale peke yake. "Nyumba ni ya marehemu," shemeji alisema, "na wote ni wajane wake." Nikafungiwa na mke mwenzangu ndani ya nyumba ya vyumba viwili na sebule.

Asikwambie mtu kuhusu jela. Jela angalau hukutani na mwenye kesi nawe kila ukienda chooni. Uani kwetu kuna ukuta wa tofali upande mmoja na jiwe kubwa upande mwingine, yale mawe yetu ya Singida yanayozidi nyumba, na katikati pana nafasi ya jiko, kamba ya nguo na kuku wanne. Hiyo ndiyo ilikuwa dunia. Nje ya ukuta nilisikia mashine ya kukamua alizeti ikinguruma kutwa, nikasikia wenzangu wakipita kwenda sokoni, wakicheka. Upepo ulikuja na mavumbi yake, ukapita, ukaenda zake. Nikauonea wivu upepo.

Na kila asubuhi yule binti anatoka chumbani, anapiga goti, "Shikamoo dada." Sasa ufanyeje? Mtu hanyimwi marahaba. Nilikuwa naitema kama mbegu ya limao. "Marahaba." Basi, hilo ndilo lilikuwa neno letu la siku. Nikitaka kumtukana nilitumia Kinyaturu, nikiwa nakuna sufuria, kwa sababu yeye ni Mgogo na nilijua hasikii. Nilimtukana hivyo wiki tatu nzima. Siku moja akaniambia taratibu, "Dada, hilo la jana sikulielewa vizuri, lakini mengine nimeelewa. Alikuwa ananifundisha." Mume wangu alimfundisha lugha ya mama yangu! Nilikwenda chumbani nikafunga mlango, nikakaa kitandani mpaka adhuhuri.

Aliyetuletea kitabu ni jirani yetu, fundi cherehani, mlokole asiyejua kunong'ona. Ilikuwa riwaya inayozunguka kwa wanawake wa mtaani, Wakristo kwa Waislamu, imeshafika mpaka Mgori kwenye gunia la vitunguu na kurudi. Jalada lake lilikuwa limekwisha, akaivika kitambaa cha marekani kama mto. Na walikuwa na sheria zao tatu. Ukae nacho siku saba tu. Ukimaliza, upige mshono mmoja juu ya kitambaa kwa uzi wa rangi yako. Na mwisho wake usimsimulie mtu yeyote, hata akupigie magoti. Kilipofika kwangu kilikuwa na mishono kumi na moja.

"Msome wote wawili," fundi alisema. "Mkimaliza nitakifuata. Kinahusu wafu, ila msiogope."

Nilianza mimi, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Ni habari ya mwalimu wa shule anayekufa na kujikuta katika kijiji cha nyumba zisizo na madirisha. Kila nyumba ina mlango, mlango hauna kufuli, lakini kwa ndani haufunguki. Mfu anakaa humo mpaka yule aliyekosewa naye aje asimame nje na kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amemsamehe. Kutuma mtu hakukubaliki. Kujibiwa na mwingine hakukubaliki. Nilipofika hapo nilikifunika kitabu. Nilimwona mume wangu amekaa gizani na viatu vyake vya vumbi, anasikiliza mlango, na shemeji yuko nje anapiga kelele, "Amesamehe!" na mlango haujali.

Nilikimaliza kwa siku nne. Karibu na mwisho mke wa yule mwalimu naye anafika kule. Alikuwa ameapa hatasema. Anapita nje ya nyumba ile kila siku na ndoo yake ya maji, anasikia mtu anapumua ndani, anapita. Mpaka sura ya mwisho, siku moja anatua ndoo na kusema, "Toka. Nimekusamehe ya kule na ya huku." Nilipiga mshono wangu, uzi wa kijani. Mimi mwenyewe maneno yale sikuweza kuyasema hata kwa kunong'ona. Nilijaribu.

Zamu ya kukipokea ilikuwa yake. Na hapo ndipo nilipofanya ninachotaka kukisimulia.

Mume wangu alifia mikononi mwake. Alichosema mwisho, alivyolala, kama aliumia au hakuumia, yote anayo yeye, na mimi sikuwa na hata tone. Sikumwuliza, na nisingemwuliza ng'o. Basi nikawaza: huyu anao mwisho wa mume wangu, mimi sina. Na yeye aukose mwisho. Nikachukua wembe, nikazikata karatasi za sura ya mwisho karibu kabisa na uzi, vizuri, hata fundi asingejua. Nikazipeleka jikoni nikazisukuma chini ya sufuria. Ugali wa siku ile tuliula wote wawili, na nilishiba.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Siku ya sita nikamwona amekaa kwenye kigoda akitazama ukurasa mmoja kwa muda mrefu. Kisha akakifunga. Hakuomba uzi. Chakula cha jioni hakula, akasema tumbo. Kesho yake hakula. Kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Siku ya tatu aliponiamkia aliinuka kwa kushika ukuta, na furaha yangu ikaingiwa na mchanga. Nikampikia uji wa ulezi. Ukapoa mbele yake.

Alasiri hiyo tulikuwa uani, mimi nachambua mchele, yeye amejiegemeza kwenye jiwe. Akauliza bila kunitazama, "Dada, kwa hiyo wale hawatoki?"

"Akina nani?"

"Wale wa mle ndani. Kitabu kimekwisha yule mama anapita tu na ndoo. Kwa hiyo mtu akikosa, ndiyo basi? Anabaki humo?"

Ningeweza kunyamaza. Nilishazoea. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza habari za kitabu. "Hakijaisha," nikasema. "Kulikuwa na sura nyingine. Nimeichoma."

Nilijiweka tayari kwa matusi. Nilikuwa nayangoja, maana ningeyajibu. Yeye akanigeukia. "Basi nisimulie."

"Mwisho hausimuliwi. Ni sheria."

"Aliyeuchoma ndiye ausimulie."

Hapo alinipata. Nikaendelea kuchambua mchele, nikasema haraka haraka, "Anatua ndoo, mlango unafunguka, mwalimu anatoka. Kwisha."

"Mlango unafunguka wenyewe?"

"Hapana."

"Si walisema lazima mtu aseme? Alisema nini?"

"Alimsamehe."

"Alisemaje, dada? Maneno yake."

Ebo! Huyu mtoto alitaka nini kwangu? Nilitupa ungo, mchele ukamwagika, kuku wakaruka kuuvamia, na wala hatukuwafukuza. Nilimwambia asinibane, kwamba hajui anachoniuliza. Akaanza kulia, kwa utulivu, kama mtu aliyechoka.

"Mimi ndiye niliyemuua," akasema.

Akanieleza. Miaka mitatu alikuwa akimsihi mume wetu aje aniambie ukweli. Siku ile asubuhi alimwambia, usiponiahidi leo, nakwenda Singida mwenyewe. Akakubali. Akaoga, akavaa, akakaa kitandani kufunga kamba za viatu. Akasema, "Leo namwambia. Atanipiga na mwiko, lakini namwambia." Akacheka. Akainama kwenye kiatu cha pili, hakuinuka.

"Alikuwa na presha na mimi nikambana," alisema. "Ningemwacha angekuwa hai. Nilitaka kukwambia tangu siku ya kwanza, lakini hukuuliza. Sasa nimesoma kile kitabu, naona kabisa nyumba yangu. Na wewe ndiye wa kupita nje na ndoo."

Kwa hiyo alikuwa anakuja kwangu. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa na safari ilikuwa ya kuja kwangu. Na mwiko! Alinijua vizuri, mwanaharamu yule, maana ni kweli ningempiga nao. Kilio ambacho mtaa mzima ulikisubiri kilinijia pale uani, bila wageni, kuku wakila mchele. Nililia hadi pua ikaziba.

Nilipoweza kusema nilisema, "Alisema hivi yule mama. Alisema, Toka."

Akangoja.

"Toka. Nimekusamehe ya kule na ya huku."

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Sikusema namsamehe nani mara ya kwanza na nani mara ya pili, marehemu au yeye, na hakuniuliza. Alichukua bakuli, akaupasha ule uji, akanywa wote amesimama. Kisha akaomba uzi. Akapiga mshono wa bluu kando ya wangu.

Fundi cherehani alipokuja kukichukua aligundua kabla hajakaa. Kumbe vidole vya fundi vinajua unene wa kitu. Nilimwambia ukweli, akapiga kelele mpaka mashine ya alizeti ikawa haisikiki. Alipomaliza akatoa hukumu: kitabu kitaendelea kuzunguka hivyo hivyo, na kila atakayefika kwenye sehemu iliyokatwa atakuja kwangu nimsimulie mwisho, neno kwa neno, kwa kuwa nimefungiwa na sina pa kukimbilia. Wakaja. Mke wa mwinjilisti alisafiri kutoka Mgori akiwa na kuku kwapani, akakaa sebuleni, akasema, "Haya." Nilimsimulia. Shemeji naye alikuja Ijumaa moja, kumbe mkewe alikuwa anakisoma na yeye anachungulia. Nilimsimulia nikimtazama usoni. Aliinamisha kichwa. Siku ile hakuomba mlenda.

Siku ya kumaliza eda walikuja wanawake wengi, tukaoga, tukavaa nguo mpya, ubani ukafukizwa. Nje walikuwa wanatungoja. Nilifika kwenye mlango wa mbele, nikauona mwanga, na miguu ikakataa. Sijui nieleze vipi. Miezi minne na siku kumi nilikuwa nimeutamani mlango ule, na sasa nilikuwa naona aibu ya mchana. Nilikumbuka matusi yote ya Kinyaturu. Nilikumbuka karatasi zikijikunja chini ya sufuria, na jinsi ugali ule ulivyonikalia vizuri tumboni. Shangazi alinisukuma mgongoni, nikashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Wanawake wakaanza kuulizana kuna nini.

Mke mwenzangu alikuwa ametangulia, begi lake la Itigi liko begani. Aligeuka. Akarudi mpaka barazani, akatua begi chini, akasimama mbele yangu upande wa nje.

"Toka, dada," alisema. "Nimekusamehe ya kule na ya huku."

Nilivaa ndala zangu, nikatoka.