Nafasi ya Mshono Shingoni kwa Baba

Baba alikuwa fundi cherehani Biryogo, mimi nikishona naye, na kutwa nzima neno lake kwangu lilikuwa moja: "Imepinda." Liwe pindo, iwe kola, Kiswahili chetu cha Kigali hakikujali, yote imepinda. Nilikuwa na miaka ishirini na mdomo usiokosa jibu, na nilimwomba Mungu amnyamazishe walau Ijumaa moja.

Basi mwaka 1992 akanyamaza kweli. Sauti ilianza kukwaruza, ikawa mnong'ono, na daktari akasema ni saratani ya koo. Kigali hatukuwa na mashine ya mionzi, ami yangu akampeleka Nairobi. Nilijuta, jamani! Sikutaka kitu kingine duniani ila nimsikie tena akiniambia imepinda.

Alirudi baada ya miezi miwili, shingo imeungua nyeusi, amekatazwa kusema mpaka koo lipoe. Macho lakini yalikuwa yakicheka. Akavuta karatasi ya kaki tunayokatia vipimo, akaanza kuniandikia vituko vyake.

Kule mama mmoja, mtaalamu wa mashine, alimchora mistari ya wino shingoni, kulia na kushoto, ili mionzi ipige palepale kila siku. Akaambiwa asiioshe. Sasa mtu anatawadha mara tano, maji yanamtiririka kidevuni, wino utakaa wapi? Siku ya tatu ulikuwa umefifia. Baba akaona haya kumsumbua yule mama, akatoa chaki yake ya kushonea, akasimama mbele ya kioo na kujichora mwenyewe. Na kwa kuwa fundi ni fundi, akaongeza nafasi ya mshono, ile ziada inayoachwa nje ya mstari, kidole kimoja kila upande.

Mtaalamu alipopima akamfokea, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba mionzi haishonwi, ikizidi kidole inaunguza nyama isiyo na kosa. Tangu hapo alimchora upya kila asubuhi, na chaki akamnyang'anya.

Habari zikafika mtaa wa Nyakabanda kwa mteja wetu wa siku nyingi, mwalimu wa kike aliyetibiwa saratani ya pua Ulaya. Akaja na kinyago chake cha plastiki, kilichofinyangwa juu ya uso wake mwenyewe. Yeye mistari yake ilichorwa kwenye kinyago, akaoga atakavyo, na kila siku kinyago kilifungwa mezani ili kichwa kisisogee. Mionzi yake ilitoka pande tatu, mbele na kila shavu, na macho yakakingwa. Baba alikigeuzageuza kile kinyago kama kola ya mteja mgumu, kisha akaandika: "Mwalimu, wewe umekatiwa kwa karatasi, mimi nimekatiwa mwilini."

Mwalimu akasema yote sawa, ila kinywa kimemkauka. Akatoa chupa ya maji mkobani. Baba naye akatoa yake chini ya cherehani, wakagonganisha, na mimi nikacheka hadi nikajichoma sindano.

Wiki zikapita, kimya. Mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo. Nikaanza kupindisha mapindo makusudi, kanzu baada ya kanzu, nimchokoze. Baba alipiga meza kwa rula na kuninyooshea kidole, basi. Kila jioni nilifumua upuuzi wangu nikashona upya, na kila jioni niliogopa zaidi kwamba sauti yake ndiyo imekwenda hivyo.

Asubuhi moja mchezo ulinichosha. Nikashona pindo la gauni la mwalimu kwa moyo wote, likanyooka, naapa. Nyuma yangu ikatoka sauti nzito, ya kukwaruza, ngeni kidogo.

"Imepinda."

Niligeuka machozi yakinitoka. "Haijapinda, Baba."

"Najua," akasema. "Nilitaka kusikia kama neno linatoka."