Goti la Namba Mbili

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji sikugusa mgonjwa. Nilihesabu. Sista Mkuu, mama mrefu wa kutoka Ekalakala aliyebandika saa yake kifuani, aliniwekea trei ya chuma mbele yangu katika hospitali ya serikali mjini Machakos, akaniambia nihesabu koleo, mikasi na vitambaa vya kufyonza damu. Nilipomaliza nilimwambia, "Nadhani ni ishirini na nne, Sista."

"Unadhani?" Aliimwaga trei yote juu ya meza. "Anza tena. Hapa thieta hakuna kitu inaitwa nadhani. Kitambaa kikibaki ndani ya mtu, utamwambia ulidhani?"

Nilihesabu trei ile mara sita kabla ya chakula cha mchana. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya muuguzi wa meza, yaani yule anayesimama karibu na daktari akiwa amevaa glavu, anayempa kila chombo kabla hajakiomba, na anayejua kila kilichoingia na kila kilichotoka. Daktari akikata, muuguzi wa meza ndiye anayejua alichokata nacho.

Zama zile goti lililochakaa halikuwa na dawa kubwa kwetu. Wazee walikuja kutoka Masinga na Kathiani wakiwa wamepinda miguu kama upinde. Gegedu, ile nyama laini nyeupe inayofunika ncha za mifupa isisagane, ilikuwa imekwisha. Tuliwapa vidonge, bendeji na mkongojo, wakarudi nyumbani. Wenye jamaa mjini walipelekwa Nairobi. Wengine tuliwaona tena mwaka uliofuata wakiwa wamepinda zaidi.

Kisha tukaletewa Daktari Mkuu wa Mifupa, mtu mpole mwenye mikono ya fundi seremala. Yeye ndiye aliyenifundisha goti la bandia. Lina sehemu tatu, nne wakati mwingine. Kuna kofia ya chuma inayovalishwa mwisho wa mfupa wa paja. Kuna sahani ya chuma inayokaa juu ya muundi, ule mfupa wa chini ya goti, na kati ya hivyo viwili kuna kipande cha plastiki ngumu kinachofanya kazi ya gegedu. Ya nne ni kidonge cha plastiki cha nyuma ya pia ya goti, na hicho si kila daktari hukiweka. Vyote hushikwa na saruji ya mifupa, ambayo mimi niliikoroga kwenye bakuli huku harufu yake kali ikinitoa machozi, na ambayo ilikuwa imeshaganda kabla hujamaliza kusali Rozari.

Alikata kwa macho na kwa vibao vya kuongozea msumeno. Alitoboa mfupa wa paja, akapitisha fimbo ya chuma ndani ya uboho, akafunga kibao, akakata. Halafu aliweka goti la majaribio, akaukunja na kuunyoosha mguu. "Sikiza, Ndunge," aliniambia. "Goti likikaa vizuri halipigi kelele."

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyetunza rafu ya magoti. Nilijifunza kwamba kuna goti linaloacha ukano wa nyuma, ile kamba inayozuia muundi usirudi nyuma, na kuna goti linaloondoa ukano huo na kuweka kigingi badala yake. Kuna la kushikwa na saruji, na kuna lenye chuma cha vinyweleo ambacho mfupa wenyewe hukiotea, zuri kwa mwenye mifupa imara. Na zaidi ya yote nilijifunza namba. Mama zetu wana mifupa midogo. Namba tatu ilipowekwa palipotakiwa mbili, chuma kilijitokeza pembeni kidogo tu, unene wa kucha, na mgonjwa akarudi miezi sita baadaye akilia kwamba kuna kitu kinamkwaruza kila anapoinuka. Nilimwona mmoja wa namna hiyo, aliyefanyiwa mbali, na sijamsahau.

Nilipokaribia miaka ya kustaafu, nilihamia hospitali ya binafsi upande wa Barabara ya Mombasa, njia ya kwenda Konza. Huko ndiko nilikokutana na roboti.

Watu wa kwetu walidhani ni mtu wa chuma anayefanya upasuaji peke yake. Sivyo. Ni mkono mnene juu ya magurudumu, umeshika msumeno, na daktari ndiye anayeushika mkono huo. Mgonjwa hupigwa kwanza picha nyingi za mashine, kompyuta inazijenga ziwe mfupa mzima kwenye skrini, na daktari anapanga kabla ya siku yenyewe atakata wapi na ataweka namba gani. Siku ya upasuaji anapigilia pini kwenye paja na kwenye muundi, zenye vijicho ambavyo kamera inaviona, kisha anaugusa mfupa nukta kwa nukta ili mashine ijue mguu uko wapi. Akianza kukata, mkono ule unakataa kuvuka mpaka aliouweka. Nilipouona mara ya kwanza kwenye mafunzo, ukikata mfupa wa plastiki bila kutetemeka, nilimkumbuka Daktari Mkuu na fimbo zake, na nilitamani angekuwepo.

Mgonjwa wetu wa kwanza wa roboti alikuwa Mama Kalondu, mjane mkulima wa Mitaboni, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa na la kushoto likifuata. Dkt. Mutinda, daktari bingwa kijana aliyesomea mashine ile ng'ambo, alimketisha akamuuliza maswali ambayo sikuwahi kusikia daktari akiuliza.

"Mama, unatumia goti kufanya nini?"

"Kutembea," alisema, akamtazama kama anayemtazama mtoto.

"Na kitu gani kingine?"

"Shamba yangu ni matuta. Inateremka mpaka mtoni. Napanda na nashuka. Kanisani napiga magoti. Na kuku wangu wanataga chini ya ghala, lazima nichuchumae."

Dkt. Mutinda alimweleza taratibu kwamba matuta atayaweza, kuchuchumaa kidogo, lakini kupiga magoti hakumwahidi. Wengi huhisi kama wamepiga magoti juu ya kitu kigeni. Akamweleza pia kwamba ataacha ukano wa nyuma kwa sababu ulikuwa bado mzima, na kwamba mifupa yake inahitaji saruji. Mama Kalondu alifikiri. "Mungu ataniona hata nikikaa kwenye benchi," alisema. "Fanya."

Kwenye skrini mpango ulionyesha kofia ya paja namba mbili.

Siku yenyewe ilikuwa na sherehe ndani yake. Mkurugenzi alikuwa amealika wageni na mpiga picha, maana hospitali ilitaka ijulikane. Vyombo vya kukatia vilikuwa vimekuja jana yake na kutakaswa kwa mvuke. Lakini masanduku ya magoti yenyewe yalikuwa njiani na wakala wa kampuni, kijana wa Syokimau aliyekwama kwenye msongamano. Nilimpigia simu.

"Sista, usijali," alisema. "Kila kitu iko. Niko karibu kufika."

Dkt. Mutinda alinitazama. "Tuko na magoti?"

Nikasema, "Yanaingia, Daktari. Nadhani tuendelee."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko maneno yote niliyowahi kusema kazini. Daktari wa ganzi akamkalisha Mama Kalondu, akamchoma mgongo, na baada ya dakika chache miguu yake ikalala. Ganzi ya mgongo hailazi akili. Alikuwa macho, nyuma ya pazia la kijani, akisikia kila kitu.

Wakala akaingia akihema. Nilifungua orodha nikasoma masanduku moja baada ya jingine. Tatu. Nne. Tano. Sita. Sahani za muundi zilikuwa zote, hata ndogo. Kofia ya paja namba mbili, ya kulia, haikuwepo. Ilikuwa imetumika hospitali nyingine juzi na hakuna aliyeweka nyingine mahali pake kwenye seti.

Niliwaza kwa sekunde moja kwamba hakuna mwingine aliyeiona orodha ile. Kisha nikasema, "Daktari, sina namba mbili."

Wakala alinong'ona, "Tatu inaweza kuingia. Unasogeza tu mpango kwenye skrini. Inazidi milimita tatu pekee."

Dkt. Mutinda alisogea kwenye skrini, akaigeuza picha ya mfupa huku na huku. Nje ya kioo niliwaona wageni wakitusubiri. Niliona jasho juu ya barakoa yake. "Tukiizungusha kidogo," alisema polepole, "tunaweza kuificha."

"Haitajificha, Daktari," nikasema. "Roboti itakata sawasawa na utakavyoiambia. Ukiiambia tatu, itakata tatu kwa usahihi kabisa, na chuma kitatokeza. Nimemwona mwenye goti la hivyo. Nakuomba."

Hakuna muuguzi anayemwambia daktari maneno hayo mbele ya watu bila kujua anachoweka hatarini. Sikujua angesema nini, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mnabishana nini na goti yangu?"

Dkt. Mutinda alifumba macho, akazunguka pazia, akainama karibu na uso wake. Alimweleza yote. Hakumficha kitu.

"Hiyo kubwa ni kama kiatu ya mtu mwingine?" aliuliza Mama Kalondu.

"Ni karibu hivyo, mama."

"Basi nirudishe wodi. Nimevaa viatu vya watu wengine nikiwa mdogo." Kisha akanigeuzia macho, nami nilikuwa nimemfuata daktari mpaka ukingoni mwa pazia. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. "Na wewe, mwaitu, ulikuwa wapi kuhesabu kabla sijachomwa mgongo?"

Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, lakini aliniita mama, kama tunavyoitana kwa heshima kwetu Ukambani, na hilo liliniuma kuliko tusi. Nikamwambia, "Nilikosea, mama. Nilipaswa kuhesabu kwanza."

"Ndiyo," alisema. "Ulipaswa."

Wageni walirudi makwao bila picha. Mkurugenzi aliniita ofisini mchana huo, uso wake umekunjamana kwa aibu ya hospitali. "Sista Ndunge, umetufanya kichekesho."

"Kweli, bwana. Lakini tungeendelea, angekuwa mgonjwa wa maisha."

"Hilo nalijua. Na pia najua kwa nini alichomwa ganzi kabla ya masanduku kufika."

Niliandikiwa barua ya onyo na kuhamishiwa chumba cha kutakasia vyombo, chini ya ghorofa, mahali pasipo na madirisha. Baadaye niliambiwa kwamba Dkt. Mutinda aliandika kwenye ripoti kuwa yeye ndiye aliyeruhusu ganzi, na kwamba muuguzi wa meza alizuia kosa la pili. Barua yangu haikufutwa, na sikuomba ifutwe.

Wiki moja baadaye, Mama Kalondu alipasuliwa. Mimi sikuwa ndani. Nilikuwa chini nikipanga trei za mguu wake kabla hazijapanda, na asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama kwenye maegesho tangu saa kumi na mbili, nikamsubiri wakala, nikafungua kila sanduku mbele yake. Namba mbili zilikuwa mbili, moja ya akiba. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili nilimwona kwenye korido akitembea na fremu, akimtukana mtaalamu wa mazoezi kwa Kikamba. Nilijificha nyuma ya mlango. Sikuwa na ujasiri wa kumsalimu.

Nilirudishwa thieta baada ya miezi mitano. Tukaanzisha utaratibu ambao sasa kila muuguzi kijana pale anaujua: masanduku yawe chumbani na yahesabiwe na watu wawili kabla sindano haijamgusa mgonjwa. Wengine hulalamika kwamba unachelewesha kazi. Ni kweli, unachelewesha.

Sasa nimestaafu, na wauguzi vijana huniuliza kama roboti ni bora kuliko mikono ya zamani. Huwaambia nilichokiona. Mashine inakata vizuri kuliko mtu aliyechoka. Lakini haijui rafu ina nini. Haijui mgonjwa ana matuta au ana ghorofa. Haiwezi kumwambia daktari kwamba jambo fulani si sawa. Hizo kazi zimebaki zetu, na zimekuwa ngumu zaidi, kwa sababu kila mtu anaitazama skrini na kuiamini. Daktari Mkuu wangu alikosea kwa milimita, na alijua kwamba anaweza kukosea. Hofu ile ndogo ilikuwa na faida yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Mitaboni. Nilikuwa nimeiahirisha safari hiyo kwa muda mrefu. Mama Kalondu alinipokea mlangoni, akanitazama, akasema, "Ni yule wa kuhesabu," kisha akacheka na kunipa kiti. Aliniambia hapigi magoti kanisani, anakaa benchi la mbele, na padri amezoea. Goti la kushoto bado hajaamua. Tukanywa chai. Halafu akataka kunionyesha shamba.

Aliteremka matuta mbele yangu, akishika majani ya miwa pembeni, mguu wa kulia ukitangulia bila kusita. Mimi nilimfuata nikishuka upande upande, nikishikilia kila kisiki. Kwenye tuta la nne nilisimama nikajifanya ninatazama mto. Yeye alikuwa ameshafika chini kwenye mihogo. Akageuka, akaweka mikono kiunoni, akanisubiri.

"Sista," aliita, "hilo goti lako limeanza lini?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

"Miaka miwili," nikamjibu.