Mabawa ya Mnandi

Mimi si mtu wa kupokea habari za "nasikia". Nimefundisha maisha yangu yote, na mwanafunzi aliyeniletea uvumi alirudi kitini kwa aibu. Kwa hiyo nielewe vyema: haya niliyaona mwenyewe, nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Migosi, alasiri, jua likiwaka, miwani ikiwa machoni.

Mwanangu Ouma alikuwa msanii wa picha za kuchapa. Alichonga ndege kwenye ubao, akaupaka wino mweusi, akaukandamiza juu ya karatasi. Wa mwisho alikuwa mnandi, yule ndege mweusi azamiaye samaki, amesimama juu ya jiwe, mabawa ameyatanua yakauke. Picha hiyo niliitundika sebuleni. Kisha Ouma akatoka Port Victoria kwa mashua, akaingia ziwani kwenda kuchora ndege wengine, na mashua ikapinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana, wala mwili wake.

Kwetu, anayepotea majini namna hiyo huzikiwa yago, tunda refu la mwegea, badala ya mwili. Likishazikwa, hata akirudi kwa miguu yake haingii tena bomani. Nilikataa.

"Omera, kaka, umesoma mpaka unabishana na ziwa?" ndugu yangu Odhiambo alinidhihaki. "Kijana analala nje, bila kaburi!"

"Nionyeshe mwili," nikamjibu. "Tunda si mtu."

Ndipo alasiri hiyo mwanamke nisiyemjua akapiga hodi. Nilidhani ni mnunuzi wa picha. Amini usiamini, maji yalimchuruzika kutoka kichwani, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Akaenda moja kwa moja mbele ya mnandi.

"Amechoka, Mzee," akasema. "Mabawa hayakauki, na wewe humruhusu ayakunje."

Nani angebaki na heshima yake hapo? Nilipiga magoti, mimi, mbele ya mtu ninayeweza kumzaa. "Mama, nakusihi. Ouma yu hai?"

Akaweka kiganja juu ya kioo cha picha, akatabasamu. "Si wewe, Mzee, hutaki habari za kusikia?"

Akatoka. Nilipofika mlangoni, uwanja ulikuwa mtupu. Nilipogeuka, mnandi alikuwa amekunja mabawa. Nikautoa ubao wenyewe kabatini: pale bado yalikuwa yametanuliwa. Msanii mwenzake Ouma aliipapasa ile karatasi, hakuona mkwaruzo wala kiraka. Akaniuliza Ouma alichonga ubao wa pili lini.

Tulizika yago, kijijini kwetu Asembo. Odhiambo alilia, akanishukuru. Lakini hebu fikiri: yule mwanamke hakusema amekufa. Alisema amechoka. Je, nilimpumzisha mwanangu, au nilimfungia lango akiwa hai, kisiwani pengine, akitafuta njia ya kurudi? Tangu hapo, mbwa akibweka langoni mimi hunyanyuka, nikashika kufuli, nikalia, na sifungui.

Wewe uliyepotewa na mtu ziwani, mgeni aliyelowa akikujia na jua linawaka, usimwache aondoke kabla hajakujibu. Mshike mkono, hata uwe baridi kiasi gani.