Nilisafisha stoo ya marehemu mke wangu, nusura niue tangawizi yake

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Wadogo, marahaba mapema.

Mimi ni mzee wa Mamba, huku milimani Same. Shule niliishia darasa la tatu, nyumba ya matofali nimejenga kwa mikono hii, kwa hiyo herufi ikikosewa ipite tu. Haya sikusimuliwa, yamenikuta.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Stoo yake sikuigusa.

Yule mama alikuwa na stoo bwana! Maharage anayachanganya na jivu, mdudu akiingia anajuta. Mahindi ya makande debe lake, unga wa uji debe lake. Jua likiwaka anaanika vyote kwenye mkeka. Mimi napita nadokoa karanga, ananifukuza na mwiko kama mtoto.

Harufu ya ile stoo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yangu.

Mwezi wa pili binti yetu Nakijwa akaja kutoka Mwanga. Kafungua debe la unga, ukungu mtupu. Maharage yamekuwa vumbi. Ngano ya pakiti ime-expire zamani.

"Baba, hiki hakiliwi na mtu wala kuku. Nakwenda kukitupa."

Nikamwambia acha, nitafanya mwenyewe.

(Najua Wapare tunaitwa wabahili. Sawa. Lakini chakula alichokihangaikia mtu hakitupwi jalalani na mifuko ya plastiki.)

Nyuma ya jiko kuna tuta la tangawizi. Mbegu yake mke wangu alikuja nayo kutoka kwao tulipooana. Kila msimu alibakiza vipande, akapanda tena, miaka yote hiyo. Ikifa imekufa, hakuna mwingine mwenye nayo.

Nikaona chakula chake kirudi kwenye udongo wake. Nikachimba kando ya tuta, nikafukia unga na maharage pamoja na samadi. Mpaka hapo nilikuwa sawa.

Mwisho nikakuta kopo kubwa la magadi, yale ya kulainishia makande, yamegandamana. Nikajiambia, jivu tunatia shambani tangu enzi za babu, na magadi si ndugu yake jivu? Nikayatwanga, nikanyunyiza yote juu ya tuta, nikamwagilia. Nikajisifu kabisa.

Siku ya nne majani yakaungua ncha. Udongo ukafanya ukoko mweupe.

Jirani yangu Mama Elia akapita, akaona.

"Baba Nakijwa, umeitia magadi iive haraka? Ungetia na maharage basi!"

"Maharage yapo chini."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniona uso, akainuka. Ile mbegu anaijua.

"Kwangua udongo wa juu wote. Halafu maji mengi, siyo ya ndoo. Maji ya ndiva."

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, maji tunapeana kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa bado siku sita. Ya kesho yake ilikuwa ya Mama Elia.

Wakuu, mimi siku zote nilisema sihitaji kitu cha mtu. Kumbe ni uongo. Aliyekuwa anaomba ni mke wangu. Chumvi, jembe, maji, yeye ndiye alikuwa anakwenda kwa majirani, mimi nimekaa nyumbani najiita mwanaume wa kujitegemea.

Jioni nikaenda mpaka mlangoni kwa Mama Elia. Nikabisha hodi.

"Nisaidie zamu yako."

"Eeh, leo umekuja mwenyewe! Chukua baba. Mboga zangu zitavumilia."

Asubuhi tukakwangua, tukafungulia mfereji, maji yakapita mpaka mchana.

Nusu ya tuta ilikufa. Nusu ikachipua.

Juzi nimechimba. Nimevunja kipande kimoja nikanusa, nikakaa palepale kwenye udongo muda mrefu. Mbegu nimeigawa mara mbili, nusu imepandwa kwangu, nusu kwa Mama Elia. Nikikosea tena, haitaisha.

Nilichojifunza: chakula kilichoharibika fukia na samadi, chini sana, kuku wasifukue. Magadi na chumvi usipeleke bustanini hata kidogo. Na ukiharibu, nenda kaombe kwa mdomo wako.

Nyie mliobaki na stoo za mama zenu, mlizifanyaje? Andikeni. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.