Boila Alilolizika Mjomba Sefu

Koili ya boila iliyoungua ina harufu yake: chokaa, kutu, na kitu kama yai lililosahauliwa jikoni mpaka maji yakakauka. Wateja huniwekea koili hizo juu ya kaunta yangu hapa Marshalltown, Johannesburg, zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, kama watu walioniletea samaki. Wanataka mpya, wanataka leo, na wanataka kwa bei ya mwaka juzi. Mimi hutaja bei, wao hushika kifua, nami nashika changu, tunavutana hivyo mpaka wote wawili tuwe tumeumia sawasawa. Ila kabla sijauza chochote huuliza, "Umeipima?" Wengi hawajapima. Na kila nikiuliza swali hilo, hasa asubuhi za Juni pumzi inapotoka mdomoni kama moshi, humkumbuka Mjomba Sefu, kaka yake mama, na siku aliyonidanganya.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulipanga nyumba ya uani huko Bertrams, vyumba viwili na sebule. Baba alikuwa na spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto, akilala hukohuko dukani, tukimwona Jumapili. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na kwenye droo yake kulikuwa na vitu nisivyoruhusiwa kuvigusa: mkasi mkubwa, chaki za kitambaa, na bisibisi ndogo ya mpini mwekundu ya kukazia skrubu za cherehani. Mjomba Sefu alikuja kutoka Tanga kututembelea wiki mbili. Nilihesabu mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni: alikaa miezi saba. Nikarudia kuhesabu, ikawa saba tena.

Alilala kwenye kochi la sebuleni. Kule nyumbani alikuwa akiangalia maboila ya kiwanda cha mkonge, "boila la kuingia gari zima, bibie," ingawa lile gari lilikuwa likikua kila aliposimulia. Hapa alipata vibarua vya siku mojamoja, bomba la huyu, koki ya yule, na akirudi alikuwa wangu. Mimi nilikuwa mtoto wa hapa kwelikweli. Mama akinisemesha Kiswahili nilijibu Kiingereza, na nikikasirika nilijibu Kizulu. Mjomba alikuwa na dawa yake. Alijifanya hasikii. "Humu ndani kuna sauti ya nzi," angesema, akitazama dari, mpaka niulize upya kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha hii ninayowaandikia niliipata kwake, pamoja na skrubu.

Alinifundisha kulihoji boila kama daktari anavyomhoji mgonjwa. Maji yamepoa ghafla au polepole? Swichi imeshuka? Ukiipandisha inashuka tena? Yakiwa vuguvugu, mshuku themostati, kile kidude kinachopima joto. Yakiwa baridi kabisa, tazama kwanza kama umeme unafika. Ukifika, pima koili. Bomba la nje linadondosha? Kisha akaninyooshea mita yake kuukuu ya kupimia umeme, yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akaniambia sheria moja tu. "Usiseme limekufa kabla hujapima. Anayesema bila kupima ni mwongo au mwizi, na wote wawili nimefanya nao kazi."

Juni ya mwaka ule, Jumatatu moja, maji ya bafuni yakaamka baridi.

"Eish, na baridi hii!" alisema mama. Mimi alinichemshia birika kabla ya shule. Akamgeukia na kaka yake. "Nikuchemshie na wewe, kaka?"

"Usihangaike, Zaina. Mimi nimezoea."

Hakuwa amezoea. Tulimsikia bafuni akivuta pumzi kwa meno na kumtaja Mungu kila kopo. Jumatatu nilihesabu makopo saba, Jumanne matano, Jumatano matatu. Alipojitolea kupanda darini akatazame, mama alikataa, tumngoje mwenye nyumba, si kazi ya mgeni. Na kila jioni alimwambia, kwa ile sauti yake ya kupokelea wateja wazuri, "Hapa ni kwako, kaka. Ukae mpaka uchoke wewe."

Wiki hiyohiyo ile bisibisi nyekundu ikapotea. Mama hakuhitaji kupeleleza. "Nani mwingine humu ndani anachezea skrubu?" Kwa kweli hoja yake ilikuwa nzito. Nilivua mito yote ya kochi, nikaingiza mkono mpaka kwenye springi, nikatoa kitana, punje za karanga, na soksi ya Mjomba iliyokwisha kusahau mwenzake. Bisibisi hamna. Nikatafuta tena palepale. Hamna. Nilipigwa makofi mawili, na hayo peke yake sikuona haja ya kuyahesabu upya.

Alhamisi Mjomba akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kuna Mkongo mmoja mlinzi, rafiki yake, ana chumba chenye kitanda cha ziada na maji ya moto. Nilielewa haraka kuliko nilivyotaka. Boila lisipopona, Mjomba ataondoka. Na akiondoka, nani atasikia nzi?

Basi Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda kupeleka magauni ya harusi, nilimsimamia Mjomba, mikono kiunoni. "Twende darini. Mama akirudi akute maji yanachemka." Akacheka, akakubali. Tulianza kwa utaratibu. Swichi kwenye boksi la umeme ilikuwa juu. Bomba la nje kavu. Bafuni maji baridi kabisa, wala si vuguvugu. Mjomba akapenya kwenye tundu la dari na tochi, mimi nikabaki kwenye ngazi, kidato cha nne, mita nimeishika kama mtu aliyeshika Msahafu.

Nilisikia skrubu mbili za kifuniko zikifunguka. Halafu kimya.

"Mjomba?"

"Nipo."

"Nikupe mita?"

"Ngoja."

Nikahesabu mpaka sitini. Nikahesabu tena mpaka sitini. Kisha nikasikia kifuniko kinarudishwa na skrubu zilezile mbili zinakazwa. Akashuka taratibu, vumbi limemtua kwenye nyusi, akaonekana mzee wa ghafla.

"Limekufa, fundi."

"Koili?"

"Lote."

"Hujapima."

"Vifo vingine vinaonekana kwa macho."

"Mita ninayo mimi! Ulisema anayesema bila kupima ni..."

"Najua nilichosema, bibie." Akainua ngazi akairudisha uani.

Mama alirudi adhuhuri. Huku yeye akipakua wali, Mjomba akanivuta pembeni akatoa mfukoni bisibisi ya mpini mwekundu. "Nimeiona chini ya mto wa kochi. Mpe mama yako tukishakaa kula."

"Pale nimetafuta mara mbili."

"Basi ya tatu ndiyo ilikuwa yangu."

Tukakaa mkekani. Nikanyoosha mkono, nimejaa ushindi wa mtu aliyesingiziwa. "Mama, bisibisi yako hii. Mjomba kaiona kwenye kochi."

Mkono wa mama ulisimama juu ya sinia. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama kaka yake. Aliitazama bisibisi tu.

"Boila limekufa, Zaina," alisema Mjomba. "Halitengenezeki. Mimi nimepata chumba kwa yule Mkongo, nitahamia Jumatatu."

"Mbona haraka hivyo, kaka? Nani kakufukuza?"

"Nani wa kunifukuza kwa dada yangu?"

Wakacheka wote wawili. Mama akanyanyua kichwa cha samaki, kile alichokuwa akimwekea baba peke yake, akakitua kwenye wali wa Mjomba. Mimi sikucheka. Nilisubiri mtu aseme neno kuhusu yale makofi mawili. Wali ukaisha.

Jumatatu nilijifungia bafuni nisimuage. Alibisha. "Humo ndani kuna sauti ya nzi?" Nilibana pumzi. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu aliyenipa sheria yake kisha akaivunja mbele yangu hastahili hata sauti ya nzi. Nilipotoka nilikuta mita imelala mlangoni, nyaya zake zimekunjwa vizuri.

Jumatano maji yakachemka. "Limejitengeneza lenyewe," alisema mama, akitia uzi kwenye sindano. Nikatoa hukumu yangu: Mjomba Sefu alikuwa fundi wa mdomo. Maboila ya mkonge, gari zima! Kwa miaka mingi kisa hicho kilikuwa kichekesho cha nyumbani, nami ndiye niliyekisimulia vizuri kuliko wote, na mama alicheka kila mara mpaka akajifuta machozi. Mjomba baadaye alirudi Tanga. Kila Idi nikimpigia simu huuliza, "Boila lenu linachemsha?" Nami humjibu, "Linachemsha, Mjomba, marehemu wako kafufuka!" Hucheka mpaka akohoe.

Majira ya baridi yaliyopita themostati ya mama ilikufa kweli. Bado anaishi nyumba ileile. Nilipanda darini na mita ileile, nikapima kwanza, nikazima umeme, na nilipokuwa nikipapasa nyuma ya boila mkono wangu ukagusa kitambaa. Kilikuwa kipande cha bitana ya zambarau, kimeviringishwa kama kofia ya kidole na kufungwa uzi. Fundo nililijua: mizunguko mitatu, mkia umefichwa ndani. Zaidi ya mama hakuna mtu Johannesburg nzima anayefunga hivyo. Nilikivika kwenye ncha ya waya wa umeme. Kikakaa sawasawa.

Bisibisi yangu ilikuwa nene mno kwa skrubu zinazoshika nyaya pale kwenye themostati. "Mama," niliita, "nipe ile ndogo ya cherehani."

Hakuuliza ya nini. Ikaja juu, mpini mwekundu umebabuka rangi, ikaingia kwenye skrubu kama iliyozoea njia.

"Umeona ubovu?" aliuliza kutoka chini.

"Nimeuona."

Sasa mimi ni mtu mzima, nina biashara, na hesabu ya mama ya kuufungua ule waya naielewa. Wanawake wangejaribuje magauni sebuleni, mwanamume kalala kwenye kochi? Walianza kwenda kwa mshonaji mwingine wa ng'ambo ya barabara. Na kaka mkubwa haambiwi aondoke. Neno hilo lingefika Tanga kabla ya yeye mwenyewe. Hayo yote nampunguzia mama bila kuvutana. Nisichoweza kumpunguzia ni kwamba siku ile walizungumza mazungumzo marefu juu ya samaki mmoja, mimi nikiwa bahasha iliyobeba bisibisi aliyoisahau mama darini, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kunisomea barua. Kisha akaniacha nimcheke Mjomba miaka yote ile.

Idi iliyopita nilikuwa kwa mama nilipompigia.

"Boila lenu linachemsha?"

Nilitoka nje, uani, simu sikioni. "Mjomba, siku ile mita haikutoka mkononi mwangu."

Nilisikia jogoo wa Tanga. "Kumbe ulikuwa unahesabu."

"Mara mbili."

"Mama yako yuko karibu?"

"Yuko ndani, anashona. Dirisha liko wazi."

"Basi nijibu kama siku zote, bibie. Kwa sauti, asikie."

Nikasogea karibu na dirisha. "Linachemsha, Mjomba! Marehemu wako kafufuka!"

Dirishani mama akacheka. Halafu cherehani ikaendelea.