Unga Uliostahimili Moto

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha usindikaji wa maziwa, na chumba kimoja cha kupanga uani kwa bibi mmoja pale Voi. Alikuwa mjane wa mwenye duka, Mwislamu, na asili yao ni pwani. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Kwetu ni Bomeni, karibu na Taveta, lakini hapakuwa kwetu tena. Mama alikuwa amefariki, nyumba imetiwa kufuli, na ndugu zangu waligawana migomba kabla matanga hayajaanuliwa. Nilijiambia kwamba sikuwa mpweke, nilikuwa tu mtu wa kazi. Mtu akijiambia hivyo kila asubuhi, ujue ana lake jambo.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha maziwa nje ya mji. Maziwa mengine yalishuka kutoka milimani, mengine yalitoka Kishushe, na barabara ya Kishushe ilihakikisha yanafika yamechacha kabla hatujaamua kuyachachusha. Mimi nilikaa chumba cha nyuma na hadubini yangu, nikitengeneza maziwa lala, yale yanayochachushwa kwa bakteria. Wenzangu walipita mlangoni wakaniita daktari wa wadudu. Walicheka, nami sikucheka, basi wakaacha kupita.

Siku moja muuzaji kutoka Nairobi alituachia mkebe wa unga mweupe wa kujaribu. Uliitwa inulini, ulitolewa kwenye mizizi ya mmea ambao huku hatuulimi, na ulikuwa na utamu wa mbali. Ukaidi wake ndio ulionipendeza. Tumbo la binadamu haliwezi kuumeng'enya. Unapita mzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria wazuri wanaukuta na kuula. Kidogo chake kimo hata kwenye vitunguu na ndizi, kwa hiyo nilikuwa nimeula tangu utoto bila kujua jina lake. Meneja alitaka maziwa lala mapya yenye bakteria hai, na mimi nikaona tuwafungie masurufu kabisa: mtu anapowameza, ameze na chakula chao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wahenga. Mimi nilitaka mgeni aje na kapu lake.

Mwenyeji wa kuponywa nilikuwa naye nyumbani. Bibi alikuwa ametoka kuugua homa ya matumbo, akameza vidonge vikali kwa majuma. Homa ilikwisha, lakini tumbo lilikataa kurudi. Alikula vijiko viwili vya wali akasukuma sahani, na kanga alizokuwa akijifunga mara moja sasa zilimzunguka mara mbili. Binti yake, aliyekuwa mwalimu Mombasa, alimwandikia barua: angekuja shule zikifungwa, na akimkuta bado hali, hatamwacha peke yake Voi hata siku moja.

Peke yake. Nami nilikuwa nani, paka? Niliisoma barua ile kwa sauti, maana macho ya Bibi yalikuwa mabovu, na nilipofika pale nikasoma haraka. Bibi ndiye mtu pekee katika mji mzima aliyeuliza, nikichelewa, nimechelewa wapi. Basi nikaapa kwamba shule zikifungwa, binti atamkuta mama yake amenona, na atarudi Mombasa mwenyewe.

Meneja aliniruhusu. Kila jioni nilimletea Bibi chupa moja ya maziwa lala, bakteria wakiwa hai na unga wao ndani. Nilibisha hodi, nikaiweka kizingitini, nikaenda chumbani kwangu. "Karibu ndani, mwanangu," alisema kila siku, nami nikajibu kila siku kwamba nina kazi. Sikuwa na kazi. Niliogopa kwamba nikiketi mara moja nitazoea.

Juma la kwanza alilalamika. "Huu unga wako una nini? Tumbo languruma kama gari la mizigo lapanda mlima Ndara." Nilifurahi sana, ingawa si jambo la kumfurahia mgonjwa. Tumbo likinguruma hivyo ni dalili kwamba huko chini kuna wanaokula. Nikapunguza unga kidogo, ngurumo zikatulia. Juma la tatu alimaliza sahani ya wali na kuulizia ukoko. Nikaandika kwenye daftari langu la kazini kwamba bakteria wangu wamefika salama na wamekaa. Nililiandika kwa kalamu nyekundu, kwa majivuno.

Kisha gari la Kishushe likaharibika njiani, maziwa hayakuja, nikarudi nyumbani mapema nikiwa na chupa iliyobaki tangu jana. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Nilisikia harufu ya iliki. Bibi alikuwa amechutama mbele ya jiko la makaa, na chupa ambayo nilikuwa nimemwachia jioni iliyopita ilikuwa tupu kando yake. Maziwa yangu yalikuwa yanatokota kwenye sufuria, yamekatika, mabonge huku na maji ya kijani hafifu huku. Aliyachuja kwa kitambaa, mabonge akamwekea paka wake, na yale maji akayatia tangawizi.

"Bibi, unafanya nini?"

"Napasha maziwa. Sinywi kitu baridi mie na tumbo hili."

"Kila siku unapasha?"

"Kila siku, mwanangu. Maziwa yasiyochemshwa ni ugonjwa, mamangu kanifunza."

Nilipaswa kujua. Huku kwetu hakuna mama atakayenywesha mtu maziwa kabla hayajafura mara mbili, na mimi mwenyewe nilifunzwa hivyo, kisha nikaenda chuoni nikasahau kwamba watu wengine hawakwenda. Lakini hasira haina mizani. Nikamwambia kwa ukali kwamba amewaua wote, majuma matatu mazima, viumbe niliowalea kwa mikono yangu.

Bibi alinitazama bila kukasirika. "Nimewaua kina nani?"

Nikamweleza. Vidonge viliua wengi wa bakteria wenyeji wa tumbo, wale wa chupani ni wageni, unga ni chakula chao, moto unawaua wageni. Aliuliza kama moto unaua na unga pia. Nikasema hapana, unga unastahimili, tena unayeyuka ukabaki kwenye yale maji. Aliyakoroga taratibu.

"Basi chakula kimefika," akasema. "Na wale wenyeji waliosalia tumboni mwangu baada ya vidonge, wao hawali?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Wachache waliobaki walikuwa wamelishwa majuma matatu, wakaongezeka. Wageni wangu hawakufika hata mmoja. Daftari langu lenye wino mwekundu lilikuwa na uongo mtupu.

"Tena, mwanangu," akaendelea, "chakula baridi huachiwa mlangoni mtu usiyetaka kuketi naye. Nilikuwa nayapasha moto nikijiambia huenda harufu itakutoa huko chumbani."

Niliona haya. Nilivua viatu nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, naye akanimiminia kikombe. Kuanzia siku hiyo nilikunywa naye kila jioni, maji ya maziwa mafu yenye tangawizi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu mama afariki. Nilimweleza habari za migomba. Yeye alinieleza habari za mumewe, mengi yakiwa ya kumsengenya.

Shule zikafungwa. Binti alifika Jumamosi kwa basi, akamkuta mama yake amesimama uani akianika mpunga, mashavu yamejaa. Alilia, akanishukuru, akanishika mikono yote miwili. Kisha akasema alichokuja kusema: binti yake mwenyewe, mjukuu wa Bibi, alikuwa karibu kujifungua, walimhitaji nyanya nyumbani, na walichokuwa wakiogopa ni safari tu. "Sasa ana nguvu za kusafiri, alhamdulillahi. Umetusaidia sana, dadangu."

Nilisema ni vizuri. Moyoni nilitamani augue tena, kidogo tu, kiasi cha kushindwa kupanda basi. Nimezeeka na bado naona aibu kuliandika hili, lakini nililitamani.

Bibi aliondoka Jumatatu. Aliniachia sufuria, kitambaa cha kuchujia na paka, akaniambia nisimpe mabonge ya moto. Aliponikumbatia nilihisi mbavu zake hazichomi tena, na hiyo ilikuwa kazi yangu.

Jioni nilirudi na chupa, nikabisha hodi kwa mazoea. Nikaingia, nikawasha makaa, nikamimina maziwa kwenye sufuria nikijua fika nawaua wote. Yalipokatika nikachuja, nikampoozea paka mabonge, nikatia tangawizi kwenye maji na kuketi juu ya mbuzi.

Tangawizi ilizidi. Hapakuwa na wa kuniambia.